Wekundu Uliogeuka Bluu: Kisa cha Dhahabu, Maji ya Ziwa na Rangi za Batiki Kigoma

Madai yalikuwa mawili, na yote mawili yalisimama juu ya rangi.

La kwanza lilisema kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yaliyochotwa Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, yana zebaki. Ushahidi wake: yalipotiwa dhahabu ya chembe za kiwango cha nano (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ambayo huonekana kama kimiminika chekundu, wekundu uliingia zambarau, na kufikia asubuhi ukawa bluu. La pili lilisema kwamba chembe hizohizo za dhahabu, zikisaidiwa na unga mweupe uitwao sodiamu borohaidraidi, huvunjavunja rangi za vitambaa zinazomwagwa mitaroni. Ushahidi wake: bilauri ya rangi ya bluu iliyokolea iliisha rangi ndani ya dakika chache, watu wakishuhudia, bila moto wala chujio.

Mwenye madai ni kijana wa hapa Kigoma anayesomea kemia chuo kikuu, aliyekuja likizo na kazi yake ya mwaka wa mwisho. Si mzembe. Daftari lake lina tarehe, ujazo na ukolezi wa kila chupa, jambo ambalo hata baadhi ya watafiti wakubwa hulifanya kwa shida. Lakini picha ya chupa mbili, nyekundu na bluu, ilikwisha kuingia kwenye makundi ya WhatsApp ya Mwanga na Ujiji, sehemu za mji huu, ikifuatwa na swali la kama dagaa bado wanalika. Hapo ndipo nilipoombwa kuipitia kazi hiyo pamoja naye, na kwa ruhusa yake naiandika hapa bila kumtaja.

Nianze na utengenezaji wenyewe, maana hapo hakukosea kitu.

Alitumia njia ya sitreti, yaani chumvi ya asidi ya limau, ile iliyoelezwa na Turkevich na wenzake mwaka 1951, na ambayo Frens aliirekebisha mwaka 1973 kwa kuonyesha kwamba ukibadilisha uwiano wa sitreti kwa dhahabu unabadilisha ukubwa wa chembe. Unachemsha mililita 100 za myeyusho wa kloridi ya dhahabu wenye milimoli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya atomi au molekuli), ukikoroga bila kuacha. Ukitokota sawasawa, unamimina kwa mkupuo mililita 10 za trisodiamu sitreti ya milimoli 38.8 kwa lita. Umanjano hafifu wa kloridi unapotea kwanza, maji yanakuwa hayana rangi, kisha yanaingia weusi kama wa moshi, halafu ghafla yanakuwa mekundu ya divai. Unaendelea kuchemsha kidogo, unaacha yapoe. Chembe zinazopatikana zina kipenyo cha nanomita 13 hivi, yaani kwenye milimita moja ungeweza kuzipanga zaidi ya 70,000. Kila moja ina atomi za dhahabu zipatazo 68,000. Na dhahabu yote iliyomo katika chupa hiyo haifiki miligramu 20, kwa hiyo wanaoniuliza kama kijana ana mali ndani waondoe wasiwasi.

Sitreti inafanya kazi mbili. Inaipa dhahabu elektroni ili iache kuwa ioni, yaani atomi yenye chaji ya umeme, na iwe metali, kisha inajibandika juu ya chembe na kuivika chaji hasi. Chembe zote zikiwa hasi zinasukumana, na msukumano huo ndio unaozifanya zielee miezi bila kushikana. Kumbuka hilo, kwa sababu kisa chote kinageuka hapo.

Usafi nao aliuzingatia. Vyombo vyake vilioshwa chuoni kwa akwa rejia, mchanganyiko wa sehemu tatu za asidi ya haidrokloriki na moja ya asidi ya naitriki, ndani ya kabati la kuvuta hewa, kwa kuwa moshi wake ni sumu na kazi hiyo haifanywi jikoni. Kijiko cha kupimia chumvi ya dhahabu kilikuwa cha plastiki, maana chumvi hiyo hula kijiko cha chuma na kubaki na uchafu wake. Maji alinunua duka la spea: maji ya betri, yale yasiyo na madini, akiwa makini asipewe asidi ya betri inayouzwa rafu moja nayo. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu kutumia supu ya majani ya mwarobaini badala ya sitreti, kama makala nyingi za siku hizi zinavyoshauri. Akaiacha, na nadhani alifanya vyema. Majani huleta mamia ya kemikali ambazo huzijui, na baadaye ukiona badiliko lolote hutajua kama ni kazi ya dhahabu au ya mwarobaini.

Sasa wekundu unatoka wapi? Elektroni zilizo juu ya chembe ndogo hivyo hucheza kwa pamoja zikipigwa na mwanga, na kwa chembe za nanomita 13 hucheza zaidi mwanga ukiwa na urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520. Huo ni upande wa kijani. Kijani kikimezwa, jicho linapata wekundu. Chembe zikisogeleana hadi karibu kugusana, elektroni za moja huhisi za jirani, na mwanga unaomezwa huhamia nanomita 600 na kitu hadi 700. Hapo jicho linaona zambarau, kisha bluu.

Kwa hiyo dhahabu inapogeuka bluu inasema neno moja tu: tumesogeleana. Haisemi nani ametusogeza.

Michael Faraday alilijua hili London mwaka 1857, alipowasilisha mbele ya wanasayansi wa Uingereza majaribio yake ya dhahabu na mwanga. Alitengeneza kimiminika chekundu cha dhahabu, akatia chumvi ya kawaida, kikageuka bluu. Hiyo ilikuwa Februari. Februari iliyofuata Burton na Speke waliingia Ujiji na kuliona ziwa hili kwa mara ya kwanza. Yaani kabla Mzungu hajajua maji ya Tanganyika yanakaaje, ilikwisha kujulikana kwamba chumvi inageuza dhahabu nyekundu kuwa bluu. Kwa nini chumvi? Kwa sababu ioni zake chanya huzingira chembe na kuufunika ule uhasi unaozisukuma. Na ioni zenye chaji mbili hufanya kazi hiyo kwa nguvu mara nyingi kuliko zenye chaji moja. Kanuni hiyo ina jina la Schulze na Hardy na ina umri wa zaidi ya karne moja.

Turudi Kibirizi. Ziwa Tanganyika si maji matamu ya kawaida, ingawa tunayanywa. Bonde lake ni la kale, maji yake hukaa muda mrefu mno kabla ya kutoka kwa mto Lukuga upande wa Kongo, na mvuke unaoyapunguza kila siku huacha madini nyuma. Matokeo yake ni maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inayokaribia 9 juu ya uso na magnesi ya takriban miligramu 40 kwa lita, ambayo ni mara kadhaa ya kalisi iliyomo. Katika maziwa na mito mingi duniani hali ni kinyume, kalisi huizidi magnesi. Magnesi ni ioni yenye chaji mbili.

Tukapiga hesabu mezani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unaruhusu zebaki isiyo ya kaboni hadi mikrogramu 6 kwa lita. Ukiigeuza kuwa idadi ya ioni, ni nanomoli 30 hivi kwa lita. Miligramu 40 za magnesi ni nanomoli zaidi ya milioni moja na nusu. Hata kama maji ya Kibirizi yangekuwa na zebaki kamili ya kiwango hicho, kila ioni moja ya zebaki ingekuwa imezungukwa na ioni zaidi ya 50,000 za magnesi, kila moja ikiwa na chaji mbili sawa na yake. Chembe iliyovikwa sitreti tupu haina namna ya kuzichagua. Ni sawa na kusimama getini Mwanga siku ya gulio na kumshika mtu mmoja kwa sababu tu unasikia kelele.

Hesabu peke yake haitoshi, kwa hiyo tulipanga chupa. Kijana alikuwa akichanganya sehemu moja ya dhahabu na sehemu tisa za maji ya ziwa, tukabaki na uwiano huohuo. Chupa ya maji ya betri ilibaki nyekundu. Ya maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye ndoo, nyekundu. Ya maji ya betri yenye gramu nusu ya baking soda kwa lita, ili kuiga ukali wa alkali wa ziwa, nyekundu pia. Kwa hiyo pH haikuwa mhalifu. Kisha tukayeyusha chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesi salfeti, kutoka duka la dawa, gramu 0.4 kwa lita, kiasi kinachotoa magnesi inayokaribia ile ya ziwa. Hiyo iliingia zambarau, ila ilichelewa kuliko maji ya Kibirizi yenyewe. Hapo kijana alitabasamu, akaona zebaki yake imebaki na nafasi. Tukaongeza baking soda, chumvi kidogo ya mezani na kalisi kidogo, mpaka chupa ya bandia ikafanana na ziwa kwa madini makuu. Ikaenda bluu kwa mwendo uleule. Hapakuwa na zebaki ndani yake, ila ile ambayo mtu angeweza kudai imo kwenye baking soda.

Kuna ushahidi mwingine uliokuwa kwenye daftari lake siku zote. Alikuwa amechota maji sehemu tatu: Kibirizi, Ujiji, na katikati ya maji, kutoka mtumbwi wa wavuvi wa dagaa. Yote matatu yaligeuka kwa kasi ileile. Uchafu unaotoka nchi kavu huwa na mteremko. Unakolea ulikotoka na kupungua unapoenda mbali. Kitu kinacholingana ufukweni na kilindini ni tabia ya ziwa lenyewe. Kwa mzaha, nikamwambia ayeyushe pia chumvi ya Uvinza na kuitia. Iligeuka bluu palepale, kabla chupa haijawekwa chini. Kwa kipimo kile, Uvinza ingekuwa mahali penye zebaki kuliko pote Tanzania, na wazee wamekula chumvi yake tangu enzi za misafara.

Haimaanishi dhahabu haiwezi kupima zebaki. Mwaka 2007 maabara ya mwanakemia Chad Mirkin, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilizibandika chembe za dhahabu nyuzi za DNA zenye thimini (moja ya “herufi” nne za DNA) zisizolingana mahali pamoja. Zebaki yenye chaji mbili huingia katikati ya thimini mbili na kuzifunga, kitu ambacho magnesi haifanyi. Hapo uchaguzi unatoka kwenye nyuzi, na dhahabu inabaki kuwa taa tu ya kuonyesha. Hata hivyo njia ile ilifikia nanomoli 100 kwa lita, ambayo bado ni mara tatu ya mwongozo niliotaja. Watu husoma kichwa cha makala, “dhahabu hugundua zebaki”, wakaacha nusu ya kazi iliyoko kwenye kile kilichobandikwa juu ya dhahabu. Na kuna upande wa pili ambao ni hatari zaidi: maji yenye rangi ya chai ya mabwawa na vinamasi, kama yale ya mto Malagarasi, yana mabaki ya mimea yanayoweza kuivika chembe koti na kuizuia isishikane. Huko chupa ingebaki nyekundu na mtu akasema maji ni salama.

Dai la pili lilimalizwa na mtu ambaye hajasoma kemia, na nilifurahi kuwepo.

Rangi aliyotumia kijana ilikuwa methilini bluu, ileile inayotumika maabara za hospitali kupaka slaidi za makohozi wakati wa kutafuta kifua kikuu. Akaitia kwenye maji, akaongeza borohaidraidi, akaongeza matone ya dhahabu nyekundu, na bluu ikafifia hadi ikaisha. Kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaomezwa na rangi, kilele cha nanomita 664 kilishuka hadi sifuri. Alikuwa na mchoro mzuri wa mstari ulionyooka, na kasi ya kupungua ameihesabu sawasawa. Alitaka kuonyesha kazi hii kwa mtu ambaye ingemfaa, akaenda kwa mama mmoja wa Mwanga anayetengeneza batiki na ambaye maji yake ya rangi humwagwa mtaroni kila wiki.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe hiyo dhahabu.”

Akaonyesha. Bluu ikaondoka. Mama akainua bilauri, akaitazama kwa upande wa jua, akauliza ule unga mweupe unaitwaje na kama unafanya kazi ya haidrosalfaiti. Kijana akasema ni kitu tofauti lakini, ndiyo, kazi zao zina undugu.

“Basi hii rangi haijaondoka, mwanangu. Imelala. Iache wazi mpaka kesho.”

Anayejua batiki anajua alichosema. Rangi nyingi za batiki haziyeyuki kwenye maji zilivyo. Unazitia kwenye maji ya moto pamoja na kostiki (soda kali) na haidrosalfaiti, na hapo zinabadilika: zinayeyuka, na mara nyingi zinapoteza rangi yake halisi au kuwa na rangi nyingine kabisa. Unachovya kitambaa, unakitoa, unakianika kivulini. Oksijeni ya hewa inairudisha rangi ndani ya uzi, na ndiyo maana haichuji. Haidrosalfaiti huipa rangi elektroni, hewa huzichukua. Methilini bluu inafanya vivyo hivyo. Ikipewa elektroni inakuwa umbo lisilo na rangi, ikikutana na oksijeni inarudi. Molekuli ipo nzima muda wote. Borohaidraidi ndiyo inayotoa elektroni, dhahabu ni uwanja wa kuzikabidhi.

Asubuhi yake bilauri ilikuwa na bluu juu na maji meupe chini. Kijana alipoitikisa, yote ikawa bluu. Kwa nini haikurudi mapema? Kwa sababu borohaidraidi ilikuwa nyingi mno, kila oksijeni ilipoirudisha rangi unga uliiangusha tena, hadi unga wenyewe ulipokwisha kwa kugeuka haidrojeni na borati. Spektrofotomita haikudanganya: ilisema rangi haipo wakati ule. Neno “imevunjwa” liliongezwa na mtu.

Kwa haki yake, niseme kwamba si rangi zote zinazorudi. Alikuwa na jaribio jingine la methili orenji, ambayo ni ya jamii ya rangi zenye nitrojeni mbili zilizoshikana katikati. Hiyo ilikatika kweli, pale kwenye nitrojeni, na haikurudi hata ilipoachwa siku kadhaa. Lakini imekatika ikawa nini? Vipande viwili vya jamii ya amini za aromatiki, na jamii hiyo ina wanachama wenye sumu kuliko rangi walikotoka. Hali ni hiyohiyo kwa 4-naitrofenoli, kemikali ambayo karibu kila makala ya dhahabu na uchafu huitumia kama kipimo, na ambayo ni moja ya mabaki ya kiuatilifu kiitwacho parathioni. Umanjano wake wa nanomita 400 hupotea na kinachozaliwa ni 4-aminofenoli. Kwa mwenye kiwanda cha dawa hiyo ni habari njema, kwa sababu ndiyo malighafi ya parasetamoli. Kwa mwenye kisima, ni kemikali moja imekwenda na nyingine imekuja. Kilele chake kipo nanomita 300, mahali ambapo mashine ya kijana haifiki na kuveti, yaani vichupa vya kupimia, za kioo hazipitishi mwanga. Zinahitajika za kwazi. Kwa kifaa chake angeona kinachoondoka tu, kinachoingia asingekiona kamwe. Ningemsamehe mwanafunzi wa Kigoma kwa hilo, lakini nimesoma makala za watu wenye vifaa vyote wanaoandika “uharibifu wa uchafuzi” na kuishia hapohapo.

Kuna chupa mbili zaidi ambazo hakuwa nazo mwanzoni na tulizitengeneza: borohaidraidi bila dhahabu, na dhahabu bila borohaidraidi. Ya pili haikufanya lolote. Ya kwanza ilipunguza methilini bluu yenyewe, polepole. Kwa hiyo sehemu ya mwendo aliouhesabia dhahabu haikuwa ya dhahabu. Kwenye 4-naitrofenoli tofauti ni kubwa zaidi, bila kichocheo unga hauigusi karibu kabisa, na ndiyo maana wanakemia wanaipenda.

Kilichonishangaza zaidi ni boroni. Mapishi yake yalikuwa na borohaidraidi milimoli 10 kwa kila lita ya maji, dhidi ya rangi ambayo haikufika hata sehemu moja ya mia ya hiyo. Kila milimoli huacha miligramu 10.8 za boroni. Lita moja iliyotibiwa inabaki na miligramu 108 za boroni, wakati mwongozo wa maji ya kunywa ni miligramu 2.4. Mara 45. Rangi ilikuwa ya kupimwa kwa sehemu za milioni, dawa yake ikaacha uchafu mkubwa kuliko rangi, tena usioonekana. Ongeza kwamba haidrojeni inayotoka kwenye beseni kubwa hairuhusu jiko la mkaa kuwa karibu, na batiki haitengenezwi bila moto wa kuyeyusha nta.

Mama aliuliza kwa hiyo afanye nini na maji yake, na ni swali linalostahili jibu lisilo la maabara. Kostiki ndiyo inayounguza mtaro na mikono yake mwenyewe kuliko rangi. Siki au asidi dhaifu iliyopimwa kwa karatasi ya pH hadi pH ishuke karibu na 7 ingepunguza madhara kabla ya kitu kingine chochote. Rangi za aina yake, zikipata hewa, hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Basi aziache kwenye pipa, azikoroge ziamke, zitulie chini, amwage maji ya juu na kukausha tope. Yanayobaki na rangi yapitishwe kwenye mkaa. Kigoma ina maganda magumu ya mbegu za michikichi kila penye kinu cha mawese, na mkaa wake unajulikana kunasa rangi vizuri. Hakuna dhahabu humo. Ipo njia ya kutumia dhahabu kwa uvunjaji wa kweli, ikiwekwa juu ya titani dioksidi na kupigwa jua, ambapo molekuli huchomwa hatua kwa hatua kuelekea kaboni dioksidi. Lakini huko kipimo ni kaboni iliyobaki kwenye maji, na rangi haiulizwi. Kijana ameandika hilo kama kazi ya mbele. Sijui kama atapata mashine.

Mama, kabla hajaondoka, alitaka kujua kama ule wekundu unashika kwenye kitambaa. Kwenye pamba, tulimwonyesha, haukushika. Kwenye sufu na hariri, ambazo zina protini, dhahabu ina pa kujishikilia. Akauliza bei ya chumvi ya dhahabu, akacheka, akabadilisha mazungumzo.

Imebaki zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu magharibi mwa nchi bado wanaitumia, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020 kwa sababu hiyo, kwa hiyo hofu ya kijana haikutoka hewani. Ila zebaki ya machimboni huchomwa na kupanda kama mvuke, ambao si ioni ambayo chupa yake ingeitafuta. Na ikishaingia majini na kugeuzwa na bakteria, inayowadhuru watu ni methili zebaki iliyomo kwenye samaki. Tulichota maji upya kwenye chupa za kioo zilizooshwa kwa asidi, tukatia asidi ya naitriki ili zebaki isijibandike ukutani mwa chupa, na kuzipeleka Dar es Salaam kwenye mashine ya mvuke baridi, ambayo huitoa zebaki kwenye maji ikiwa gesi na kuipima kwa mwanga wa nanomita 253.7. Magnesi haiendi huko.

Namba ya maji, hata ikija ndogo, haitajibu swali la WhatsApp. Zebaki hukolea kadiri mlaji anavyomla mlaji mwenzake. Dagaa hula vijidudu vinavyoelea na huishi muda mfupi, mgebuka hula dagaa, na sangara na kuhe wakubwa huishi miaka. Anayetaka kujua kama ziwa lina tatizo aanze na nyama ya samaki wakubwa, mgongo, bila ngozi, iliyogandishwa na kuandikwa urefu wa samaki. Vifurushi vya kwanza vya aina hiyo vimo kwenye friza la jirani mmoja wa Kibirizi, pamoja na barafu zake za kuuza, vikisubiri sanduku la kusafirishia.